Usimtafute Murphy, tafuta shamba lake

Safu ya Nasaba: Bi Nasaba anajibu barua zenu

Shikamoo Bi Nasaba,

Babu yangu mzaa mama alikuwa Mwairishi. Alikuja Afrika Mashariki miaka ya 1920 akiwa fundi wa mitambo, akaoa huku, akazeeka na kufia huku mwaka 1961. Jiwe la kaburi linasema alikuwa na miaka 63. Habari za kwao hakuzitaja. Ukimuuliza, anainuka kwenda kuangalia kuku. Alichotuachia ni kopo la biskuti lenye rozari, picha ya wanawake wawili mbele ya nyumba ya mawe, na barua moja kutoka kwa dada yake anayejiita Nonie. Juu ya barua pameandikwa Gurteen, au Gorteen, maana wino umefifia. Muhuri wa posta kwenye bahasha ni wa Bantry lakini tarehe haisomeki. Nimehangaika kwenye intaneti miezi minane. Nimepata Murphy elfu kadhaa na wangu simwoni. Mama ana miaka 79 na angependa kumwona ndugu hata mmoja wa upande wa baba yake. Nianzie wapi?

Mjukuu wa Fundi

Marahaba, mwanangu. (Wasomaji, jina halisi la ukoo nimelificha, Murphy nimeliweka mimi.) Hapo kwenye Murphy elfu kadhaa nilicheka peke yangu jikoni, kwa sababu sote tulianzia hapo hapo. Murphy ndilo jina la ukoo lililoenea kuliko yote Ireland, na Cork, kaunti ilipo Bantry yako, limejaa tele. Kumtafuta Murphy wa Cork kwa jina tu ni kama kusimama nje ya msikiti siku ya Idi ukaita "Juma!"

Lakini wewe una mali usiyoijua. Wengi wanaoniandikia wana jina na machozi. Wewe una kitongoji, una posta, una dada.

Nieleze kitongoji. Ireland ina kaunti 32, kaunti zina parokia, na parokia zimekatwakatwa katika vipande vidogo vya ardhi ambavyo mimi naviita vitongoji kwa kukosa neno bora, ingawa kimoja chaweza kuwa na nyumba tatu na ng'ombe arobaini. Viko takriban 60,000 kisiwa kizima, na kila kimoja kina jina lake. Hiyo ndiyo anwani ya Mwairishi wa zamani. Alizaliwa humo, akaandikishwa kwa jina hilo, akalipa kodi kwa jina hilo, na tangazo la msiba wake likalitaja. Gurteen yako inatokana na neno la Kiairishi goirtín, yaani kishamba. Babu yako basi ni Murphy wa Kishambani, na huyo tunaweza kumpata.

Tatizo ni kwamba vishamba viko vingi. Majina ya huku Ireland hujirudia: Knock ni kilima, Kil mara nyingi ni kanisa, Bally ni makazi ya watu, na hakuna kaunti isiyokuwa na rundo la hayo. Kwa hiyo fungua logainm.ie, hazina ya majina ya mahali ya Ireland, ni bure, uorodheshe kila Gurteen, Gorteen na Gortin iliyoko Cork. Chukua ramani, weka kidole kwenye Bantry, uanze na zilizo karibu. Hiyo kazi ya jioni moja itakuokoa miezi mingine minane.

Halafu iangalie stempu. Kama ni uso wa mfalme wa Uingereza bila maandishi yaliyogongwa juu yake, barua ni ya mwanzoni mwa 1922 au kabla ya hapo. Kama ni uso wa mfalme uliogongwa maandishi ya Kiairishi juu yake, ni ya 1922 au muda mfupi baadaye, wakati serikali mpya ya Ireland ilikuwa bado inatumia stempu za Waingereza. Kama ni ramani ya kisiwa, basi ni Desemba 1922 au baada ya hapo. Ukishajua hivyo utajua kama Nonie alikuwa bado msichana wa nyumbani alipoandika, au pengine mke wa mtu.

Sasa kuzaliwa kwa babu. Kaburi linatupa 1897 au 1898, lakini umri wa Mwairishi wa enzi hizo uchukulie kama bei ya kwanza sokoni. Tafuta kuanzia 1893 hadi 1902. Serikali ilianza kuandikisha vizazi, ndoa zote na vifo Januari 1864, na picha za kurasa zenyewe ziko kwenye IrishGenealogy.ie bila malipo: vizazi vilivyopita miaka 100, ndoa zilizopita 75, vifo vilivyopita 50. Usiweke Cork nzima. Chagua wilaya ya uandikishaji ya Bantry, ikikosekana jaribu majirani zake, Dunmanway na Skibbereen. Kila mstari una tarehe, kitongoji, jina la baba na kazi yake, jina la mama pamoja na ukoo wake kabla ya kuolewa, na mtu aliyekwenda kutoa taarifa, mara nyingi na alama ya X kwa sababu hakujua kuandika. Jina la ukoo la mama ndilo litakaloanza kuwatenga hao Murphy. Patrick Murphy wako mia. Patrick Murphy aliyemwoa binti wa ukoo fulani, wa Gurteen, ni mmoja, au wakizidi sana wawili.

Usishangae ukikuta amebatizwa kabla hajazaliwa. Mzazi aliyechelewa kwenda kwa karani alikuwa akitozwa faini, kwa hiyo aliisogeza tarehe mbele kidogo. Daftari la padri ndilo la kuamini.

Na Nonie usimtafute kwa jina la Nonie. Hilo ni jina la nyumbani, kama vile Mwanaidi anavyogeuka Mwana au Idi. Kwa karani atakuwa Nora, Honora au Hanora, na kwa padri, aliyeandika kwa Kilatini, atakuwa Honoria. Hali kadhalika Bridget huitwa Delia, Johanna huitwa Hannah, na Jeremiah wa Cork wengine walimjua kama Darby. Zile O' na Mac nazo ni binamu wa "bin" yetu: Mac ni mwana wa, Ó ni mjukuu wa. Watu walizidondosha na kuziokota walivyopenda, hivyo Sullivan na O'Sullivan ni walewale. Usimkatae mtu kwa sababu ya herufi moja.

Ukishakuwa na kitongoji na majina ya wazazi, nenda kwenye sensa za 1901 na 1911. Ziko kwenye tovuti ya Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Ireland, bure, na picha ya fomu yenyewe iliyojazwa na mwenye nyumba. Fomu haitaji tu watu. Fomu ya pili inahesabu madirisha ya mbele, vyumba, inasema paa ni la nyasi au la slate, na ya tatu inakuambia kama kulikuwa na banda la nguruwe. Ile picha yako ya nyumba ya mawe, hesabu madirisha yake. Usiniambie ni jambo dogo, nimewahi kuthibitisha nyumba kwa madirisha.

Fomu ya 1911 ina safu tatu kwa ajili ya wanawake walioolewa: miaka ya ndoa, watoto waliozaliwa hai, watoto walio hai sasa. Nilipoifungua ya nyanya wa mume wangu nilikuta 11, na pembeni yake 7. Mume wangu alikuwa anajua majina sita. Niliacha kompyuta ikiwaka nikaenda kuchemsha chai, nikarudi, tarakimu ni zilezile. Wewe utaitazama safu hiyo na utajua babu yako alikuwa na ndugu wangapi walio hai mwaka ule, na hao ndio unaowafuata sasa.

Kama fomu ina wazee ndani, usipigane na umri wao. Pensheni ya uzee ilianza kulipwa Januari 1909, shilingi 5 kwa wiki kwa aliyefikisha miaka 70, na wazee hao walizaliwa kabla ya uandikishaji, hawakuwa na cheti. Ndiyo maana utakuta bibi mwenye miaka 56 mwaka 1901, na mwaka 1911 ana 71. Miaka kumi imepita, yeye amezeeka kumi na mitano. Simlaumu.

Hapo karatasi zinaanza kuchoka, na hapo ndipo mimi nilipopotea. Nilikuja Ireland mwaka 2001 kwa kazi ya uuguzi, nikaolewa kaunti ya Mayo. Mama mkwe aliniomba nimtafutie wajukuu wa shangazi yake, Bridget Walsh, aliyeolewa akapotelea mbali na ukoo baada ya ugomvi ambao hakuna aliyekuwa anakumbuka ulihusu nini. Nilikuwa mgeni katika mambo haya na nilijiona hodari. Nikampata Bridget, binti wa Patrick Walsh, parokia ileile, mwaka uleule. Katika filamu ya daftari la ubatizo mwandiko wa padri ulikuwa kama njia za siafu, Brigidam, kisha Patritii, kisha alama ya wasimamizi wa ubatizo na majina mawili niliyoyaruka kwa sababu nilishapata nilichotaka. Miaka miwili nilimfuata yule Bridget: ndoa yake, watoto wake, mazishi yake. Nikawaandikia wajukuu wake. Wakatualika.

Waliandaa meza. Vikombe vya kabatini, mikate ya nyama iliyokatwa pembetatu, keki ya matunda. Tulikuwa kikombe cha pili pale bibi mmoja mzee, aliyekuwa kimya wakati wote, alipomuuliza mama mkwe: huyo Bridget wenu alikuwa wa kitongoji gani? Mama mkwe akataja. Meza nzima ikatulia. "Aa," akasema yule bibi, "hao ni akina Walsh wengine." Akainuka, akaenda kwenye simu ya ukutani, akapiga namba bila kuangalia popote. Ndugu zetu halisi walikuwa wanaishi maili nne kutoka pale. Karatasi zangu zilichukua miaka miwili kunifikisha kwa watu wasio wangu, na yeye alitumia dakika tano. Keki tuliimaliza, na hadi leo tunatumiana kadi za Krismasi na wale Walsh wasio wetu.

Sasa nikikuambia tafuta shamba unanielewa. Ardhi ya huku haikuhama. Desturi ilikuwa shamba lirithiwe na mtoto mmoja, kwa kawaida wa kiume; binti mmoja pengine alipewa na wazazi wake mahari ya kwenda nayo kwa mume, na waliobaki wakapanda meli, kama babu yako. Na baada ya sheria za ununuzi wa ardhi, hasa ile ya 1903, wapangaji wengi wakawa wamiliki. Mwenye shamba lake haondoki ovyo. Kuna vitabu vya tathmini ya kodi vilivyoendelezwa baada ya Tathmini ya Griffith, ile ya ardhi ya kisiwa kizima ya 1847 hadi 1864. Siku hizi viko chini ya Tailte Éireann, shirika la serikali la mambo ya ardhi, huko Dublin. Kila shamba lilipobadilisha mkono, karani alikata jina la zamani kwa wino wa rangi, akaandika jipya, na mwaka pembeni. Unamfuata baba, kisha kaka, kisha mpwa, wino mwekundu, wa buluu, wa kijani, hadi ndani ya karne ya 20.

Ukifika hapo, fungua RIP.ie. Wageni hushangaa, lakini Waairishi husoma matangazo ya vifo kama sisi tunavyosikiliza ya redioni, na tangazo zuri linataja kitongoji cha marehemu, ukoo wake kabla ya kuolewa, watoto, wapwa na wakwe. Andika jina la ukoo na Bantry, soma ya miaka iliyopita. Ukikuta marehemu "wa Gurteen", umefika mlangoni.

Mlangoni, usibishe kwa pupa. Usianze kwa kuchungulia hati ya ardhi, hata kama sheria inakuruhusu kuinunua nakala yake. Mtu akisikia mgeni amesoma hati ya shamba lake kabla ya kumsalimu, atawaza jambo moja tu. Andika barua ya karatasi, ukurasa mmoja. Kwanza sema wewe ni nani na babu yako alikuwa nani. Pili weka nakala ya ile picha na uulize kama kuna anayewatambua wale wanawake wawili. Tatu sema wazi kwamba hudai chochote. Weka anwani ya barua pepe na usiulize maswali kumi. Kama huna jina la mtu wa kumwandikia, mpelekee katibu wa parokia, au chama cha historia cha eneo hilo, au klabu ya GAA, hao wa mpira wa Gaelic na hurling, ambako kila mtu anajua mtoto wa nani anacheza namba gani. Kuna pia Ireland Reaching Out, wajitolea waliojipanga kwa parokia wanaosaidia wageni kama wewe. Nimewaona wakifanya kazi kwa wiki moja ambayo mimi ningeifanya mwaka.

Wakati ukisubiri jibu, mpime mama DNA. Usijipime wewe kwanza. Watoto wa Nonie ni binamu zake wa kwanza, na binamu wa kwanza hushirikiana kwa wastani sentimogani 866 hivi (sentimogani ni kipimo cha kiasi cha DNA ambacho watu wawili wanashiriki). Wewe na wajukuu wa Nonie mngekuwa karibu 229. Mama ana mara mbili ya unachobeba wewe kutoka kwa babu, na kesho hatungojei.

Bi Nasaba,

Marehemu baba yangu alisoma Dublin mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wiki chache kabla ya kufariki alimwambia mama kwamba aliacha mtoto wa kike huko, mama wa mtoto alikuwa Mwairishi na hawakuoana. Hakutaja jina. Mama amenyamaza miaka sita, mwaka huu ametuambia mimi na kaka yangu. Sijui nimhesabu kama dada au nifunge ukurasa.

Kifunguamimba wa Bandia

Pole kwa msiba na kwa ulichokuta nyuma ya msiba. Jina ulilojipa silipendi. Huna ubandia wowote, umepata dada mkubwa tu.

Nianze na lile gumu. Msichana wa Ireland aliyezaa bila ndoa enzi hizo mara nyingi alipelekwa kwenye nyumba za kina mama na watoto zilizoendeshwa kwa sehemu kubwa na mashirika ya watawa. Tume ya serikali ilichunguza nyumba hizo na kutoa ripoti Januari 2021. Watoto wengi waliasiliwa. Baadhi ya waliozaliwa na baba Waafrika, wanafunzi kama baba yako, hawakuasiliwa, walikulia kwenye taasisi hadi utu uzima, na wamejitokeza wenyewe kusimulia. Wana chama, Association of Mixed Race Irish. Nakuambia haya ili siku ukimpata usianze kwa kumsifia baba. Huenda kwake neno hilo lina historia nyingine.

Kuhusu karatasi: usitegemee jina la baba yako kwenye cheti cha mtoto. Wazazi wakiwa hawajaoana, safu ya baba kwa kawaida ilibaki tupu. Rekodi za kuasili si za umma, na hakuna karani atakayekufungulia. Njia iliyopo ni Sheria ya Taarifa za Kuzaliwa na Utafutaji ya 2022, ambayo huduma zake zilianza Oktoba mwaka huo. Zinaendeshwa na Mamlaka ya Uasili ya Ireland pamoja na Tusla, shirika la watoto na familia. Ndugu wa damu naye anaweza kuomba, na kuna daftari la mapendeleo ya mawasiliano ambamo unajiandikisha kwamba uko tayari kupatikana. Wao ndio watakaomtafuta, wao ndio watakaomuuliza, na yeye ndiye mwenye kusema ndiyo au hapana. Akisema hapana hutapewa jina lake. Ni haki yake, na nakuomba uikubali kabla hujajaza fomu.

Njia ya pili ni DNA, na kwako ina nguvu sana. Ndugu wa baba mmoja hushirikiana kwa wastani sentimogani 1,750 hivi. Ukiiona tarakimu ya namna hiyo hakuna nafasi kubwa ya kubahatisha. Pima wewe na kaka yako, kwenye kampuni yenye wateja wengi Ireland na Uingereza, maana huenda alihamia ng'ambo ya bahari. Yeye sasa ana miaka 60 na kitu. Watu wa umri huo waliokua bila kujua baba zao wamejipima wengi, baadhi yao wanaangalia orodha ile kila asubuhi wakingoja jina moja la Kiafrika litokee.

Likitokea, au la kwake likitokea kwako, usiandike "mimi ni mdogo wako". Andika kwamba mnaonekana kuwa na uhusiano wa karibu upande wa baba, kwamba baba yako alikuwa Dublin kati ya mwaka fulani na fulani, na kwamba hata kama jibu litachukua miaka utalingoja. Sentensi tatu. Halafu uache. Usimfuate Facebook, usimwandikie binti yake, usiweke picha ya baba. Picha ataiomba mwenyewe. Nimeshuhudia mmoja aliyeiomba baada ya miezi kumi na minne, saa nane za usiku, kwa ujumbe wenye maneno mawili.

Na mama yako mzazi mwulize kama yuko tayari kwa hilo. Miaka sita alibeba peke yake.

Bi Nasaba, rafiki yangu ananiambia nisijisumbue, eti nyaraka zote za Ireland ziliungua mwaka 1922. Kweli?

Mtafutaji Aliyekata Tamaa

Rafiki yako amesikia nusu. Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, hifadhi ya nyaraka za umma iliyokuwa kwenye majengo ya Four Courts, Dublin, ililipuka na kuungua. Zilikwenda sensa za 1821 hadi 1851 isipokuwa mabaki, wosia nyingi, na madaftari ya parokia nyingi za Kianglikana. Sensa za 1861 na 1871 serikali yenyewe ilikuwa imeshaziteketeza kitambo, na za 1881 na 1891 zilisagwa wakati wa Vita vya Kwanza. Hizo nne usiulaumu moto.

Madaftari ya Kikatoliki hayakuwemo, yalikuwa makanisani. Maktaba ya Taifa ya Ireland iliweka picha zake mtandaoni mwaka 2015, hadi karibu mwaka 1880, bure. Uandikishaji wa vizazi, ndoa na vifo haukuguswa. Sensa ya Aprili 1926, ya kwanza ya dola mpya, ilifungwa kwa miaka 100, na ilipangiwa kufunguliwa Aprili 2026. Tangu 2022 pia kuna Virtual Record Treasury, mradi unaokusanya nakala za vilivyoungua kutoka maktaba nyingine duniani. Ukoo wako ukiwa wa zile kaunti sita za kaskazini, basi nenda PRONI, hifadhi ya nyaraka za umma ya Ireland Kaskazini, Belfast.

Bibi yangu mzaa baba alizaliwa Galway. Naweza kupata pasipoti ya Ireland?

Msafiri

Ukithibitisha kwamba babu au bibi yako alizaliwa katika kisiwa cha Ireland, unaweza kuomba kuandikishwa katika daftari la waliozaliwa nje; mtu mzima hulipa euro 278, na ukishaandikishwa wewe ni raia, ndipo unaomba pasipoti. Utahitaji vyeti rasmi vya vizazi vitatu, chake, cha mzazi wako na chako, pamoja na vya ndoa. Ile picha ya bure ya mtandaoni haikubaliki. Akiwa ni mama wa bibi aliyezaliwa huko, mlango kwa kawaida umefungwa, isipokuwa mzazi wako aliandikishwa kabla wewe hujazaliwa. Mjukuu wa Fundi, na wewe soma hapa.

Kuna kampuni imeniuzia ngao ya ukoo wetu wa Kiairishi, yenye simba wawili na cheti. Je, ni ya kweli?

Mwenye Simba

Ngao hupewa mtu, na baada yake uzao wake. Haipewi kila mwenye jina lile. Wenye mamlaka hayo Ireland ni Ofisi ya Mtangazaji Mkuu wa Ngao, iliyo chini ya Maktaba ya Taifa, na hawauzi kwa katalogi. Umenunua simba wa mtu mwingine. Kama fremu ni nzuri, itundike.